Watoto Wasioanguka

Mtoto wa kumi na tatu kwenye foleni alikuwa Ipyana, na Ipyana hakukubali kukaa kwenye kiti mpaka fundi amrushe juu kwanza.

Fundi Asajile Mwakipesile aliweka kisomeo mezani, akajishika kiuno, akawalalamikia watoto wote wa chekechea kwamba huyu mwenzao anakula ugali wa nyumba tatu. Watoto wakacheka. Akamnyanyua, akamrusha. Ipyana alipoachana na mikono ya fundi alinyamaza kabisa, macho yamemtoka, na alipodakwa akaachia kicheko kilichompaka fundi mate shingoni.

"Tena," akasema.

Akarushwa. Akadai tena. Mara ya nne fundi alimwambia mgongo wake umeshaomba likizo, akamkalisha na kumwekea kisomeo nyuma ya sikio la kulia, pale ambapo kila mtoto wa wilaya ya Rungwe alikuwa na kishikizo chini ya ngozi, kidogo kama punje ya choroko. Kioo kikaandika: ngazi ya nne. Mwezi huu ameanguka mara sitini na mbili. Mifupa, mizima. Kichwa, kizima.

"Sitini na mbili," fundi akamwambia Mwalimu Tumpe, ambaye ndiye bibi yake Ipyana. "Huyu anaanguka kama ameajiriwa."

Mwalimu Tumpe akajibu kwamba ukoo wao wote ni wachapa kazi.

Kishikizo kilikuwa na kazi moja tu: kuusoma mwili wa mtoto kabla mtoto mwenyewe hajaelewa kinachomtokea, na kuivuta misuli yake asije akaanguka vibaya. Ngazi ya nne ilimwacha mtoto ajikwae, ateleze, abiringike, apige makalio chini hadi achoke. Ila ikiona kichwa kinatangulia, inamgeuza hewani kama paka. Ilikuwa mwaka wa sita sasa tangu daktari wa mifupa wa Tukuyu alalamike kwamba watoto wamemsusa.

Mvua ilipokatika, Mwalimu Tumpe aliwaachia watoto nje. Nyuma ya darasa kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu uliolainishwa na makalio ya miaka mingi. Kila mtoto alichukua gome la mgomba, akalikalia, akajisukuma. Walishuka wakipiga kelele, wakafika chini wamebadilishana magome, miguu juu, tope mpaka kwenye meno, halafu hao wanapanda tena mbio. Hakuna aliyewaambia warudie. Ungewakataza ndiyo wangelia.

Mtoto mmoja alikuwa amesimama pembeni, sare yake safi kama imetoka kwenye pasi. Huyo alikuwa Subilaga, binti wa fundi.

Mwalimu Tumpe alimwita kwa upole, akampa gome, akamkalisha. Subi alishuka mgongo umenyooka, mikono mapajani. Gome lilipogonga jiwe na kupinduka, yeye hakupinduka. Alisimama juu ya miguu yake miwili kama mtu anayeshuka ngazi za benki, akajipangusa, akarudi pembeni. Kule juu hakuangalia.

Mwalimu Tumpe alimtazama, akamtazama na baba yake. Akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kugombanisha, "Fundi, huyu mwenzetu mbona hafurahi?"

Fundi akasema labda ana mafua. Alisubiri watoto wote waingie ndani, ndipo akampima Subi mwenyewe, kioo amekigeuzia kifuani kwake ili mtu mwingine asikisome. Ngazi ya tisa. Mwezi huu ameanguka mara sifuri. Mwaka huu, sifuri. Tangu alipowekewa, akiwa na miezi kumi na moja, sifuri.

*

Subi alizaliwa mama yake akiwa na miaka arobaini na nne na baba arobaini na tisa, baada ya wote wawili kuacha hata kuongelea watoto. Siku ya kuwekewa kishikizo, fundi alikuwa peke yake chumbani na kisomeo mkononi. Ngazi ya nne ilikuwa ya watu wote. Ngazi ya tisa ilikuwemo ndani ya kifaa lakini haijaruhusiwa, imefungwa kwa namba za siri, na namba za siri anazo nani? Fundi. Alifanya kile ambacho mpika pilau wa harusi hufanya sahani ya mwanawe ikifika: alichota kutoka chini, kwenye nyama. Hakumwambia mtu zaidi ya mkewe, Tusekile, na Tusekile alimbusu mkono.

Watoto wengine wa mtaa walisimama dede, wakayumba, wakakaa kwa kishindo, wakatazama kama kuna aliyewaona. Subi hakuwahi kusimama dede. Alisimama. Majirani walikuja kumtazama anavyotembea, wakasema mtoto wa fundi huonekana tu.

Miaka ikapita ndipo fundi akaanza kujiuliza, na alianza kujiuliza kwa sababu ya taya. Kishikizo kiko karibu na taya, kwa hiyo mtoto akicheka, kicheko kinaandikwa kwenye kumbukumbu kama vilima vidogo. Hakuna aliyewahi kuvishughulikia vilima vile, vilihesabiwa kama uchafu wa mashine. Fundi, mwenye stashahada yake ya vifaa tiba na macho yasiyopitwa na kitu, akaviweka sambamba na mianguko. Akaangalia kumbukumbu za miaka kumi za watoto elfu tatu.

Alichokiona kingeweza kumfurahisha, kama asingekuwa baba. Ndani ya sikio kuna vijibomba vitatu vyenye maji. Mwili ukiinama, maji yanachelewa kidogo, na ubongo wa mtoto unabaki unabahatisha: niko wapi, chini ni wapi, nitagonga lini? Akibahatisha vibaya sana, analia. Akipatia kabisa, anachoka na mchezo. Lakini akikosea kidogo tu, na asiumie, hapo ndipo vilima vinapojaa kwenye kioo. Ndiyo maana anataka arushwe, azungushwe mpaka dunia imzunguke, aninginizwe kichwa chini, akimbizwe na shangazi anayejifanya fisi. Ndiyo maana anasema tena. Mtoto yumo kazini, anajifunza mwili wake, na furaha ndiyo inayomrudisha kazini kila siku bila kusukumwa.

Subi hakuwa amekosea hata mara moja. Kishikizo kilikuwa kinapatia kabla yake. Katika kumbukumbu za miaka minne, hapakuwa na kilima hata kimoja kilichotokana na mwili wake. Hadithi zilimchekesha, lakini kidogo, kama mgeni anayecheka utani wa mwenyeji.

Na kulikuwa na jambo lingine. Watoto wanne wa kata ya jirani waliwahi kupandishwa ngazi kwa bahati mbaya. Wawili walirekebishwa kabla ya kutimiza miaka minne, wakajifunza kuanguka upya, wakapona. Wawili walirekebishwa wakiwa wameshatimiza mitano. Hao hawakujifunza. Mmoja alikuwa anatembea akishika ukuta mpaka leo, na ana miaka kumi na moja.

Subi alikuwa amebakiza siku tisa atimize mitano.

*

Wiki tano mfululizo walikuwa wanajaribu, kila jioni baada ya shule, barazani, wametandika magodoro mawili. Fundi alishusha ngazi moja moja, akairudisha tisa kila walipomaliza, na mianguko ya pale hakuiacha iandikwe kwenye kumbukumbu. Ya nane, hakuna kitu. Ya saba, hakuna kitu. Ya sita mtoto akaanza kuyumba, na fundi akafurahi kuyumba kule kuliko alivyofurahia harusi yake. Ya tano akaanguka chini mzima mzima, akakaa pale alipoangukia, akauliza nani amemsukuma.

Siku ile ya mteremko, fundi alishusha hadi ya nne, kama watoto wote. Subi hakuweza kusimama. Baba yake akamnyanyua, akamrusha juu, kidogo tu, kiganja kimoja cha hewa. Alihisi mwili mdogo ukikakamaa mikononi mwake kama kuni. Akamrusha tena, akitoa sauti zote za kijinga anazozijua. Akajifanya anamdondosha, akamdaka. Akatazama kisomeo: hakuna kilima. Uso wa mtoto ulikuwa umetulia kwa namna ya mtu mzima anayechomwa sindano.

"Baba," Subi akasema, kwa adabu, "tukimaliza utaniwasha?"

Tusekile alikuwa mlangoni. Aliingia katikati, akamchukua mtoto, akamwambia mumewe arudishe tisa. Fundi akasema bado siku tisa. Tusekile akasema amekuwa akizihesabu yeye pia, ila yeye anahesabu na michubuko.

*

Keshokutwa yake alikuja Dokta Consesa Tarimo kutoka makao makuu ya Mpango wa vishikizo. Alikuwa mdogo kwa fundi kwa miaka kama ishirini, akamwamkia shikamoo vizuri, akakubali chai, akasifu chai. Halafu akafungua begi na kusema kwamba wazazi nchi nzima wanalalamika. Watoto hawavunjiki tena, lakini bado wanachubuka, na mzazi aliyezoea kutokuona damu hataki kuona hata ngozi iliyokwaruzika. Makao makuu wanataka kuruhusu ngazi ya tisa. Wataanzia Rungwe, wazazi wakikubali kwenye mkutano wa Jumamosi.

"Na tunao ushahidi, mzee wangu," akasema, akampa karatasi. "Kuna kishikizo kimoja hapa kwenu kiko tisa miaka minne sasa. Mianguko sifuri. Nimekuja nikijua ni cha nani. Sijaja kukushtaki."

Fundi aliisoma karatasi. Mtoto wake alikuwa mstari mmoja ulionyooka. Akamweleza Dokta yote: taya, vilima, wale watoto wanne, magodoro. Dokta Tarimo alisikiliza vizuri kuliko alivyotarajia, na aliuliza maswali ya mtu anayeelewa. Mwisho alivua miwani.

Alisema anamwamini. Lakini watoto wanne si ushahidi, ni habari ya kusikitisha, na makao makuu hawasimamishi jambo kwa ajili ya habari ya kusikitisha. Akitaka kuwaambia wazazi, awaambie, hatamzuia. Ila ajue hili: mkutano ukikataa, tisa itabaki ni ngazi isiyoruhusiwa, na yeye Dokta atalazimika kumshusha Subi hadi nne kama wenzake. Siku hiyo hiyo. Mkutano ukikubali, Subi atakaa tisa maisha yake yote, kishikizo kitabadilishwa kadiri anavyokua, na hataanguka kamwe.

"Kwa hiyo nikishinda mimi, wangu analala chini," fundi akasema. "Nikishindwa, wa wenzangu wote wanakuwa kama wangu."

Dokta alimaliza chai yake na kuosha kikombe mwenyewe.

*

Usiku ule fundi na mkewe hawakugombana. Ingekuwa nafuu. Tusekile alisikia kila kitu, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akauliza kama kweli watu watamwelewa akieleza kwa maneno. Fundi alijibu kwamba yeye mwenyewe alihitaji miaka minne na kisomeo. Wazazi hawataelewa vilima. Watahitaji kuona.

Tusekile alielewa maana ya kuona. "Huyo ni mtoto," akasema. "Si ubao wa kuandikia."

Asubuhi fundi alimuuliza mwenye mwili. Alipiga magoti mbele ya Subi na kumweleza kwamba Jumamosi, mbele ya watu, atamzima kidogo ili watu wajifunze, na chini kutakuwa na godoro. Subi aliuliza ni muda gani. Fundi akasema mpaka kumi. Subi akahesabu kwa vidole, akafika kumi, akaona si mbali, akakubali. Angekubali chochote. Hakujua kukataa kunaanzia wapi.

*

Ukumbi wa kata ulijaa. Watoto walikuwa wengi kuliko viti, wanapita chini ya meza, wanavutana mashati, wanajizungusha mpaka wanaanguka kwenye miguu ya watu. Mtendaji aliwatishia mara tatu, akachoka.

Fundi alisimama na Subi. Alianza kwa kukiri. Aliiba ngazi, akasema, akampa mwanawe, kwa sababu alimpenda na kwa sababu alikuwa na ufunguo. Akaeleza kwa lugha rahisi kwamba mtoto anayeanguka anajifunza, na anapenda kuanguka kwa sababu anajifunza, na ngazi ya tisa inamnyang'anya vyote viwili. Aliwaona wakiitikia kwa vichwa. Mwalimu Tumpe, mstari wa mbele, Ipyana mapajani, alikuwa na machozi.

"Sasa mtazameni mikono," fundi akasema. "Mtoto anayejua kuanguka hutanguliza mikono. Msitazame kitu kingine. Mikono tu."

Akagusa kisomeo.

Subi alishuka kama kanga iliyoteleza kwenye kamba. Mikono haikutangulia. Ilikuja nyuma, kama vitu vya mtu mwingine, na uso ukapiga godoro, na shingo ikakunjika, na sauti iliyomtoka haikuwa ya maumivu, maana godoro lilikuwa nene. Ilikuwa sauti ya mtu asiyejua chini ni wapi. Alikuwa ameshalala na bado anaanguka.

Fundi alihesabu. Alifika nne.

"Baba, niwashe," Subi akasema ndani ya godoro. "Baba. Niwashe."

Akamwasha. Kabla machozi hayajakauka, mtoto alikuwa wima, mgongo umenyooka, amesimama mbele ya watu mia tatu bila kutikisika hata kidogo. Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

Fundi aliinua mkono awanyamazishe, awaulize waliona nini. Lakini mama mmoja alikuwa ameshasimama, amemkumbatia mwanawe kifuani kwa mikono yote miwili, na aliuliza swali ambalo baada ya hapo kila mtu alikuwa analiuliza: je, hivi vya watoto wao navyo vikizima, wataanguka vile? Fundi akajibu hapana, hawa wa ngazi ya nne watatanguliza mikono, ndicho anachojaribu kuwaonyesha. Mama akasema asante, na tisa inazima? Dokta Tarimo, aliyekuwa amekaa pembeni, alisema ukweli kama ulivyo: kwa miaka minne haijawahi kuzima, mpaka fundi alipoizima kwa mkono wake.

Mtendaji aliomba wanaokubali wanyooshe mikono. Fundi hakuhesabu.

Foleni ilijipanga yenyewe. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Tumpe, anamvuta Ipyana, ambaye alikuwa anajaribu kutembea huku amekanyaga miguu ya bibi yake.

"Nimekuelewa, fundi," akasema, na hakuweza kumtazama. "Neno kwa neno nimekuelewa. Lakini nimeshaona."

Dokta alimpa fundi nafasi ya kukataa, na fundi alifikiria kukataa. Halafu alifikiria kwamba akikataa, mwingine ataifanya hiyo kazi. Akamkalisha Ipyana, akaweka kisomeo nyuma ya sikio, akaandika nne, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Tisa."

Dokta Tarimo alikuwa amesimama nyuma yake. Aliona. Alipitisha mkono juu ya bega la fundi, akasogeza namba kwa kidole kimoja, kutoka nne hadi tisa, na akamwinamia sikioni.

"Umechoka, mzee wangu. Kakae na mtoto. Nitamalizia mimi."

Ipyana alishuka kwenye kiti. Alisimama wima. Aliutazama ukumbi kama mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake, akaenda kukaa.

Fundi alikaa kwenye benchi, Subi pembeni yake. Tusekile alikaa upande wa pili, akamshika mtoto mkono, ingawa hakukuwa na haja, mtoto hakuwa na pa kudondokea. Walitazama foleni ikisogea. Kila mtoto alifika kwenye kiti anarukaruka, na kila mtoto aliondoka kwenye kiti anatembea. Waliokuwa chini ya meza walivutwa mmoja mmoja. Waliokuwa wanajizungusha walizungushwa mara ya mwisho na mikono ya wazazi wao, kuelekezwa kwa Dokta.

Kufika saa nane mchana ukumbi mzima ulikuwa umetulia, watoto wamekaa mistari iliyonyooka, na wazazi wakawa wanaambizana, wakiokota mabegi yao, kwamba watoto wao wana adabu.